Udhaifu wa Uzeeni: Tusiseme "Ni Uzee Tu"



Wazee wengi huletwa hospitalini kwetu wakiwa wamekwisha kuanguka na kuvunjika nyonga. Tukiuliza nguvu zilianza kupungua lini, jamaa hujibu, "Ni uzee tu." Jibu hilo huchelewesha msaada. Wapo wenye miaka 80 wanaolima bado, na wapo wenye miaka 65 ambao kuinuka kitini ni kazi.

Dalili zake

Mzee dhaifu hana nguvu za akiba. Kuharisha siku mbili tu kwaweza kumlaza wiki nyingi. Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani walitaja dalili tano: kukonda bila kukusudia, kuchoka upesi, mikono kulegea, kutembea polepole na kupunguza shughuli. Mwenye dalili tatu au zaidi ni dhaifu; mwenye moja au mbili yuko njiani.

Maskini na mwenye nacho

Katika nyumba maskini udhaifu huwahi kuja. Mzee amefanya kazi nzito miaka mingi, anakula ugali kwa mboga za majani tu, na presha au macho hayatibiwi kwa kukosa nauli. Lakini akishindwa kuteka maji, wote huona.

Katika nyumba yenye uwezo udhaifu hujificha. Msichana wa kazi hufua, hupika na kupeleka maji bafuni, naye mzee hukaa kwenye kochi mchana kutwa. Miguu hulegea bila mtu kujua, mpaka siku anapoanguka.

Basi kila familia imtazame mzee wake: je, anaweza mwenyewe kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani, kuzuia haja na kula? Je, anakumbuka kumeza dawa zake?

Tufanye nini?

1. Apate kila siku maharage, dagaa, yai, maziwa au karanga. Kama hana meno, vipondwe au visagwe.
2. Asubuhi na jioni ainuke kitini na kukaa tena mara tano hadi kumi, kadiri awezavyo. Kiti kiwe imara, kimeegemezwa ukutani, na mtu awe karibu.
3. Awe na taa usiku, fimbo, na mti imara wa kushikilia chooni.
4. Apelekwe kupimwa macho na presha, pamoja na dawa zote anazotumia. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji.
5. Aachiwe kazi anazoziweza, kama kuchambua mboga au kulisha kuku. Kumfanyia kila kitu humwondolea nguvu.

Akichanganyikiwa ghafla, au akishindwa ghafla kusimama, msingoje kesho, mleteni hospitali. Hapa Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimhesabu mwenye miaka 60 na zaidi kuwa mzee. Asiye na uwezo, jamaa waulize ofisi ya kijiji au mtaa juu ya matibabu yake, kabla hajaugua.