Fegi, Ugoro, Shisha: Nikotini ni Ile Ile

Je, wewe ni wale wanaosema, "Mimi sivuti bwana, naonja tu"? Au shuleni unaweka ugoro mdomoni kwa sababu hautoi moshi, halafu wikiendi unavuta fegi na washkaji kijiweni? Basi hapa tunaongea na wewe.

Tumbaku siyo ngeni kwetu Mtwara. Wamakonde walichonga vikopo vya ugoro vizuri kiasi kwamba vingine vimewekwa kwenye makumbusho ya Ulaya. Kutoka Mikindani hadi Msimbati, karibu na mdomo wa Ruvuma, mzee kunusa ugoro halimshangazi mtu. Ndiyo maana kijana anaona ni mambo madogo.

Sasa sikiliza. Ndani ya vitu vyote hivi kuna nikotini, na nikotini ndiyo inayokufanya mtumwa. Ukivuta fegi, inafika kwenye ubongo katika sekunde 10 hadi 20. Ugoro nao unapita kwenye ngozi laini ya mdomo au pua, na magadi yanayochanganywa humo yanaifanya nikotini ipenye haraka zaidi. Na shisha? Maji yanapoza moshi tu, hayaondoi sumu. Sigara ya umeme nayo, nyingi zina nikotini.

Tuchukue mfano. Kijana wa kidato cha tatu anabana ugoro asubuhi, jioni anavuta fegi mbili ufukweni, Jumamosi anavuta shisha. Ukimwuliza, atakwambia, "Mbili tu kwa siku." Lakini ubongo hauhesabu fegi, unahesabu nikotini! Ikipungua, arosto inaanza: hasira za bure, usingizi hauji, darasani kichwa hakitulii. Fegi ikikosekana, ugoro unaziba pengo. Kwa hiyo mwili haupati nafasi ya kuzoea kukaa bila nikotini, na kuacha kunazidi kuwa kugumu. Ubongo wako bado unakua mpaka karibu miaka 25, kwa hiyo unanasa upesi kuliko mtu mzima.

Madhara nayo yanajumlishana. Moshi unaharibu mapafu na moyo. Ugoro wa mdomoni unaleta kansa ya mdomo. Mpira wa shisha mnaopokezana unaweza kukuachia kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka.

JIPIME
Je, unatafuta fegi au ugoro mara tu unapoamka?
Je, ukikosa kimoja unakimbilia kingine?
Je, hela ya daftari imewahi kuishia huko?

Kama umejibu "ndiyo" hata mara moja, chukua hatua sasa.

UFANYEJE?
Chagua siku moja uache vyote pamoja. Kuhama kutoka fegi kwenda ugoro siyo kuacha. Mwambie rafiki unayemwamini. Hamu ikija, kunywa maji, tembea, cheza mpira. Baada ya dakika chache inapungua. Siku 2 au 3 za mwanzo ndizo noma, lakini kwa wengi arosto inaisha ndani ya wiki 2 hadi 4. Ukishindwa, nenda kituo cha afya ukaongee na muuguzi. Ukirudia, usikate tamaa, anza tena.

Tangu mwaka 2003 sheria inakataza kumwuzia tumbaku mtu chini ya miaka 18. Muuzaji anayekuuzia anavunja sheria. Anachotafuta ni hela yako, siyo urafiki.