Muuguzi Anayetaka Kufanya Utafiti: Aanzie Wapi Mtandaoni?

Kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani, wauguzi wa kliniki za kisukari huulizwa swali lile lile: "Nesi, naweza kufunga?" Muuguzi anajua kwamba wapo wanaofika magharibi salama, na wapo wanaodondoka kabla ya alasiri kwa sababu sukari imeshuka. Hujiuliza: ni wagonjwa gani hasa wanaodhurika, na je, kuwafundisha mapema kunasaidia? Hilo tayari ni swali la utafiti. Wengi huliacha hapo kwa kutojua pa kuanzia, kwa hiyo tunaeleza hapa njia zilizopo mtandaoni.

Kwanza: Kujua waliotangulia wamegundua nini. PubMed, inayosimamiwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, hutafutwa bure. Muuguzi aandike kwa Kiingereza maneno ya kisukari na Ramadhani, kisha achague makala zinazosomeka zote bila malipo. Atakutana na utafiti wa EPIDIAR uliochapishwa mwaka 2004, uliohusisha watu 12,243 wenye kisukari katika nchi 13. Ulionyesha kuwa matukio ya sukari kushuka vibaya huongezeka ndani ya Ramadhani. Kwa majarida ya bara letu, atazame African Journals Online.

Pili: Makala za kulipia. Asikimbilie kutoa fedha. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha Hinari, ambayo huzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya afya bure au kwa malipo madogo. Anayesajiliwa ni taasisi, si mtu binafsi, hivyo aulize maktaba ya hospitali au chuo chake.

Tatu: Kujifunza namna ya kutafiti. The Global Health Network ina kozi fupi za bure zenye vyeti, zikiwemo za kuandaa swali la utafiti na za maadili. Mtu anaweza kusoma kidogo kidogo baada ya zamu.

Nne: Kibali. Hapa intaneti haitoshi. Kupima sukari ya mgonjwa kwa ajili ya matibabu ni jambo moja, na kukusanya taarifa zake kwa ajili ya utafiti ni jambo jingine. Faili la mgonjwa ni amana. Kabla ya kuanza lazima kipatikane kibali cha kamati ya maadili. Tanzania Bara kuna NIMR, Zanzibar kuna ZAHRI, na Kenya huhitajika pia leseni ya NACOSTI. Mgonjwa naye aombwe ridhaa, aelezwe kwa lugha anayoifahamu, na akikataa asipunguziwe huduma.

Tano: Kuchapisha. Wapo wenye majarida ya kilaghai wanaotuma barua pepe za kusifu, wakaahidi kuchapisha kwa siku chache, kisha wakadai fedha. Orodha ya maswali ya Think. Check. Submit. humsaidia mwandishi kulipima jarida kabla ya kutuma kazi.

Ndugu zetu wauguzi, daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache, nanyi mnakaa naye na kusikia alikula nini daku na kwa nini aliruka dawa. Mambo hayo yasipoandikwa, Ramadhani ijayo mgonjwa atauliza tena, na jibu litabaki la kubahatisha.