Je, Wajua? Sindano za Kutuliza Maumivu

Vidonge vya kupunguza homoni baada ya matibabu ya saratani ya matiti huwaletea wanawake wengi maumivu ya viungo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018, ulioshirikisha wanawake 226, ulionyesha kuwa akyupancha, tiba ya Kichina ya sindano nyembamba, iliyapunguza maumivu hayo katika wiki 6.

Na je, mgonjwa anayerudi nyumbani Garsen kutoka Mombasa akiwa na kichefuchefu cha tibakemikali? Bila sindano, ajaribu kubonyeza upande wa ndani wa mkono, vidole vitatu juu ya mkunjo wa kifundo cha mkono, katikati ya kano mbili.

Tahadhari: akyupancha haiponyi saratani. Muulize daktari kwanza, na usichomwe sindano kwenye mkono uliovimba.