Uzuri wa Almasi

Je, umewahi kuona pete ya almasi? Ukiigeuza kwenye jua humetameta. Hutoa rangi nyingi kama za upinde wa mvua. Uzuri huo hutoka wapi?

Almasi ni kaboni. Kaboni imo pia katika mkaa wa jikoni. Lakini almasi iliumbika chini sana ardhini, zaidi ya kilometa 100, penye joto kali na mgandamizo mkubwa. Milipuko ya volkano za zamani iliileta juu.

Ikitoka machimboni, almasi haing'ai sana. Hufanana na kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga. Fundi huikata na kuisugua kwa unga wa almasi nyingine. Mara nyingi huifanya iwe na nyuso 57 au 58. Mwanga huingia kwa juu, hugonga nyuso za ndani, kisha hurudi machoni mwetu. Fundi akikosea kukata, mwanga hupotelea chini na almasi hufifia.

Almasi hupimwa kwa karati. Karati 5 ni gramu 1. Mwaka 1947, almasi ya rangi ya waridi ilipatikana Mwadui, Shinyanga. Ilikuwa na karati 54.5. Mwenye mgodi, John Williamson, alimpa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, iwe zawadi ya arusi. Ilipokwisha kukatwa ilibaki karati 23.6 tu. Zaidi ya nusu iliondolewa ili uzuri utokee. Mwaka 1953 iliwekwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua.

Sasa jihadhari. Watu wengine husema kuwa almasi ya kweli haivunjiki kwa nyundo. Si kweli. Almasi ni ngumu kukwaruzwa, lakini ikigongwa huweza kupasuka. Hapo mali yako imekwisha. Tena, usiamini jiwe kwa sababu limekwaruza kioo. Yapo mawe ya bei ndogo yanayokwaruza kioo pia.

Kwa hiyo, ukiokota jiwe usiloliamini, usiligonge wala usiliuze gizani. Lipeleke ofisi ya madini likapimwe. Macho huona uzuri, lakini kipimo ndicho hujua thamani.

Maswali
1. Kwa nini almasi hukatwa?
2. Karati 10 ni gramu ngapi?
3. Kwa nini si vizuri kujaribu almasi kwa nyundo?