Unga Ambao Haujaumuka

Kila mwaka, katika juma la kwanza la mhula, huwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza swali ambalo huwachekesha kabla halijawatatiza. Unga wa ngano uliokandwa kwa hamira na maji ya vuguvugu, ukafunikwa kitambaa na kuwekwa kando ya jiko, hufanya nini? Wengi huandika kwamba "unapanda". Wengine husema "unakua" au "unafura", na wachache hukiacha Kiswahili na kukimbilia Kiingereza. Ni nadra kuwapata zaidi ya wawili au watatu wanaoandika kwamba unga "unaumuka". Na hawa si watoto wa chekechea. Ni vijana waliopata alama za juu katika mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne, wanaoweza kuzitaja ngeli zote bila kupumua, na ambao yamkini wamekula mandazi asubuhi ile ile.

Sidhani kwamba tatizo ni uvivu, wala sidhani kwamba ni uhaba wa kamusi. Neno kama hili halipatikani kwa kusomeshwa. Hupatikana kwa mtoto kusimama kando ya sufuria, mikono imejaa unga, akisubiri jambo ambalo mtu mzima amemwahidi kuwa litatokea. Tukiwatoa watoto jikoni tunawanyima maneno, na pamoja na maneno tunawanyima sehemu nzima ya sarufi ambayo baadaye twataabika kuirudisha kwa chaki.

Hebu nitoe mfano ninaoujua. Nyumbani kwetu ni Usenge, mji mdogo wa wavuvi na wachuuzi katika sehemu za Bondo, Kaunti ya Siaya, mkabala na kisiwa cha Mageta. Likizo zikifika huondoka Kisumu na kuwapeleka wanangu wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa miaka 4, kwa nyanya yao, ambaye wao humwita Dani. Mke wangu ni mzaliwa wa Mombasa. Kwa hivyo katika jiko la mama yangu Kidholuo na Kiswahili husikika kwa pamoja, na hakuna anayeomba radhi kwa kutumia mojawapo.

Mama hana oveni. Huoka kwa njia inayojulikana na wengi katika ufuo huu. Sufuria kubwa hutiwa mchanga safi chini na kuwekwa juu ya jiko la makaa mpaka mchanga upate moto. Sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, ikiwa na mchanganyiko ndani, huketishwa juu ya mchanga huo, kisha ile kubwa hufunikwa kwa kifuniko bapa na kupaliwa makaa juu. Mchanga huugawa moto sawasawa, keki isiungue chini huku juu ingali mbichi. Makaa ya juu ndiyo huipa rangi. Mke wangu alipolitamka neno "kupalia" kwa mara ya kwanza mbele ya mama, mzee alilirudia mara mbili, akalipenda, na sasa hulitumia hata anapozungumza Kidholuo. Kwao Mombasa ni neno la wali. Hapa Usenge limekuwa neno la keki.

Siku ya mkate wa hamira, mdogo ndiye mwenye zamu ya kulinda donge. Kila baada ya dakika mbili hufunua kitambaa na kuuliza. Dani humjibu, "Pok okuot." Mama yake humwambia, "Bado, haujaumuka." Naye hufunika tena. Jibu hilo amelisikia mara nyingi kwa lugha zote mbili, na kila mara limeambatana na kitu anachokiona kwa macho na kukigusa kwa kidole.

Sasa, mwalimu mwenzangu, litazame jibu hilo kwa makini. "Pok" ya Kidholuo na "-ja-" ya Kiswahili zinafanya kazi moja: zinakanusha tendo na wakati huo huo kulitarajia. Siku moja hamira ilikuwa imekaa mno dukani. Tulingoja tangu saa nane hadi saa kumi na moja, donge likabaki vile vile kama jiwe. Jioni ile yule mdogo alimpigia simu shangazi yake na kumpasha habari: "Unga haukuumuka." Hakusema "haujaumuka". Matumaini yalikuwa yamekwisha, unga ulikuwa umeharibika, na kitenzi chake kilibadilika ipasavyo. Nimesahihisha insha za watu wazima wanaoandika "sijamwona jana" na "hatujaenda mwaka uliopita" bila kuona kasoro yoyote, na kosa hili limeenea sana bara. Tofauti ambayo mimi huitumia kipindi kizima kuieleza ubaoni, mtoto wa miaka 4 aliipata kwa hasara ya kilo moja ya unga.

Meza ya kuokea yenyewe ni kitabu cha historia. "Unga" ni neno la Kibantu. "Sukari" na "hamira" yametoka Uarabuni, na "tanuri" vilevile. "Chapati" imetoka Bara Hindi, na "keki" ni ya Mwingereza. "Andazi" lina asili yake katika kitenzi "kuandaa", ingawa sijui ni wangapi kati ya wanaoyauza pale ufuoni alfajiri, wavuvi wa omena wanaporudi, wanaoliwazia hilo. Kidholuo nacho kilipoupokea mkate kiliupokea kwa jina la Kiswahili: "makati". Chumvi ikawa "chumbi", kikombe kikawa "okombe", kitanda kikawa "otanda". Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na bidhaa za maduka zikaja na majina yake. Mtoto anayezisikia lugha hizi kwa pamoja huanza mwenyewe kuuliza kwa nini "ki-" ya kikombe imegeuka "o-". Mwanangu mkubwa aliniuliza. Nilimjibu kwa furaha kubwa kuliko niliyoipata siku ya kuitetea tasnifu yangu.

Haya si maoni ya mzazi aliyependezwa na wanawe tu. Barbara Rogoff, mtaalamu wa saikolojia kutoka Marekani aliyefanya utafiti kwa miaka mingi miongoni mwa Wamaya wa Guatemala, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1990 jinsi mama huko anavyompa mtoto mchanga kipande kidogo cha donge la mahindi akipigepige. Kipande hicho hupikwa pamoja na mikate ya wakubwa na kuliwa. Kadiri mtoto anavyokua, ndivyo anavyopewa kazi iliyo ngumu zaidi. Hakuna somo lililotangazwa wala mtihani. Mtoto yumo ndani ya kazi ya kweli, na mazungumzo yanaifuata kazi.

Linganisha na yanayotendeka katika baadhi ya shule zetu. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa katika madarasa ya chini mwaka 2019, mojawapo ya mambo yaliyosifiwa, na nakubali kwamba yanastahili sifa, ni kumshirikisha mzazi. Lakini mara ushirika huo ukageuka kuwa picha. Mtoto aagizwa kupika, mzazi ampige picha na kuituma kwa simu ya mwalimu. Jirani yangu mmoja mjini alikanda na kukaanga mandazi usiku wa manane, mtoto akiwa amelala. Alfajiri akamwamsha, akamvika aproni, akampaka unga kidogo puani, akampiga picha. Mtoto alipata alama zote. Neno hata moja hakulipata.

Kuna na suala la lugha ambayo kazi hiyo hufanywa kwayo. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera imekuwa kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo lilipo shule, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka Dola ikuze na kulinda lugha za watu wa Kenya. Hata hivyo wapo wazazi, na walimu pia, wanaomwambia mtoto jikoni aseme Kiingereza peke yake ili asichelewe. Katika shule niliyosoma tulivishwa kipande cha ubao shingoni kwa kosa la kusema Kidholuo. Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia adhabu za namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986. Ubao umetoweka katika shule nyingi. Hofu imebaki, nayo sasa imeingia hadi kwenye sufuria. Mzazi ambaye Kiingereza chake cha jikoni kina vitenzi vitatu humpa mtoto vitenzi vitatu, ilhali katika lugha yake angempa kukanda, kusukuma, kuoka, kukaanga, kubanika, kutokosa na vingine tele.

Najua nitaambiwa kwamba ngano ni ghali. Ni kweli. Sehemu kubwa ya ngano tunayoila hununuliwa nje, na vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vilitufundisha maana ya jambo hilo. Mwaka 2024 serikali ilipopendekeza kutoza mkate kodi ya asilimia 16, pendekezo hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyowaudhi wananchi, na likaondolewa. Ufuoni kwetu fedha huadimika zaidi kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena unapofungwa. Lakini sidai kila nyumba ioke keki. Omena huoshwa, huanikwa na hukaangwa. Ugali husongwa. Kila tendo lina jina lake, na gorogoro moja la mahindi lina hesabu ya kutosha kwa mtoto wa darasa la kwanza. Wanaume wenzangu nao wasiniambie kwamba jikoni si mahali pao. Mimi hukanda, majirani hucheka, na mkate huliwa na wote.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Mtoto aje darasani bila picha. Asimame aonyeshe kwa mikono mitupu jinsi alivyofanya, akieleza kwa lugha iliyotumika kwao, na mwalimu ayaandike ubaoni yale asiyoyajua yeye mwenyewe. Wanafunzi wangu wa chuo nimekwisha kuwapa kazi ya likizo ya Desemba: kila mmoja alete maneno 20 ya jikoni kwao, aseme ni nani aliyemfunza kila neno, na tendo lenyewe alifanye mbele ya wenzake. Kazi hiyo ina alama 10 kati ya 30 za mhula. Unga watajitafutia wenyewe.