Mashairi Barazani: Kazi ya Mtunza Maktaba wa Kijiji

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na leo nataka kunena nanyi juu ya kazi ambayo watu wengi hudhani ni ya kufungua mlango na kufuta vumbi tu, yaani kazi ya mtunza maktaba. Nitaeleza jinsi awezavyo kuwapa watu wa kijiji chake mashairi, na jinsi ya kuwakusanya wasome pamoja.

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe. Katika kijiji kimoja cha pwani palikuwa na kabati la vitabu lenye kufuli zuri. Mtunzaji wake alikuwa mtu mwaminifu sana. Kila mwisho wa mwezi alivihesabu vitabu vyake, na siku nalipomtembelea alinionyesha daftari kwa furaha: kwa muda wa miaka miwili hakikupotea hata kimoja. Nalishika kitabu cha tenzi, nikakuta kurasa zake zimeshikana, hazijapata kufunuliwa. Ndipo nikafahamu kwamba vitabu vile havikupotea kwa sababu havikutoka.

Jioni ile nalikiomba kitabu kile, nikaenda nacho barazani, nikaanza kusoma kwa sauti. Watu wakaja mmoja mmoja. Nilipofika kama ubeti wa kumi, bibi mmoja mzee, asiyejua kusoma, aliinua mkono akasema, “Mjukuu wangu, umeruka ubeti.” Nikamjibu, “Bibi, sikuruka, ndivyo ilivyoandikwa.” Akacheka, akautoa ubeti ule kwa moyo, pamoja na mahadhi yake, nao ukaketi mahali pake barabara, vina vyote vikipatana. Kitabu hakikuwa nao. Bibi alikuwa nao, na nyingine nyingi, alizofundishwa na mama yake. Nalimwahidi kurudi na daftari wakati wa likizo. Likizo ilipofika nalikuwa na shughuli nyingine, na nilipokwenda baada ya masika niliambiwa kwamba amekwisha kuzikwa. Kosa hilo ni langu, na nimelitaja hapa ili lisiwe lenu.

Sasa tuulize, kwa nini mashairi yafaa kuliko maandiko mengine kwa kuwakusanya watu? Ni kwa sababu ushairi wetu ni wa sikio kabla ya kuwa wa jicho. Shairi la kawaida lina mishororo minne katika kila ubeti, na kila mshororo una vipande viwili, kila kipande mizani 8. Utenzi una vipande vinne vifupi vya mizani 8. Vitatu vya kwanza hupatana kwa kina chao, na cha nne huchukua kina kimoja kinachorudi tangu mwanzo wa utenzi hata mwisho wake. Mizani ni silabi. Semeni maneno haya huku mkipiga makofi: “Kitabu chetu kizuri.” Mtapata makofi 8. Mtoto wa darasa la pili aweza kuyahesabu, na mzee asiyejua herufi hata moja aweza kusikia mara moja kama lipo moja lililopungua. Basi hapo msomi na asiyesoma hukaa jamvi moja, wala hakuna atakayeona haya.

Tena mashairi yetu hayakutungwa yawe mapambo ya kabati. Muyaka bin Haji alikuwa malenga wa Mombasa, aliyekufa mwaka wa 1840. Siku zile Wamazrui wa Mombasa walikuwa wakishindana na Seyyid Said wa Oman, na watu wa Lamu walikuwa upande wa pili. Muyaka alitunga juu ya mashindano hayo, na juu ya mapenzi, na juu ya mambo ya kila siku ya mji wake. Alipokufa, mengi katika mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu. Karibu na mwisho wa karne ile, Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya kwa wazee walioyakumbuka, akisaidiana na padre mmoja Mwingereza, W. E. Taylor. Diwani ya Muyaka ikapigwa chapa mwaka wa 1940, miaka 100 baada ya kufa kwake. Kama Mwalimu Sikujua angalingoja likizo kama mimi, huenda leo tungalilijua jina la Muyaka tu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Vitabu havikukosa wachukuzi. Mwaka wa 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, ambayo pamoja na kutoa vitabu ilipeleka masanduku ya vitabu vya kuazima. Tanganyika ilipata sheria ya huduma za maktaba mwaka wa 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa mwaka wa 1967. Huko Kenya, mwaka wa 1996, vitabu vilianza kupelekwa kwa ngamia kwa wafugaji wa upande wa Garissa. Lakini ngamia aweza kukifikisha kitabu penye watu, hawezi kukifungua. Kazi hiyo ni ya mtu, na ndiyo ninayotaka kuieleza sasa.

Kwanza, mahali na wakati. Mtunza maktaba asiwangoje watu wamfuate ndani. Na aende penye watu, kivulini au barazani, wakati kazi za shamba zimekwisha na giza halijaingia. Awatake ruhusa wazee kwanza, maana penye wazee haliharibiki neno. Aangalie pia kwamba wanawake wana mahali pao na saa yao, wasije wakaitwa wakati chungu ki motoni. Siku ikisha chaguliwa isibadilike. Watu wakijua kwamba kila Alhamisi kuna kusoma, watakuja. Wakikuta mara mbili hakuna kitu, hawaji tena.

Pili, kuchagua na kujitayarisha. Shairi la beti tano au sita latosha jioni moja. Utenzi mrefu ukatwe vipande vya beti 20 hivi, nao ukomeshwe mahali ambapo msikilizaji atataka kujua yatokeayo mbele. Msomaji ausome nyumbani mara tatu kabla ya kuja. Akikuta neno gumu, na atazame katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka kwanza mwaka wa 1981, au amwulize mzee. Mashairi mengi ya kale yametungwa kwa lugha ya Lamu na Mombasa, ambako husemwa “mato” kwa macho, na “ndia” kwa njia. Mambo kama hayo yaelezwe kwa maneno machache kabla ya kusoma, wala yasikatize shairi katikati.

Tatu, kusoma kwenyewe. Soma polepole, upumue mwisho wa kipande, usipumue katikati ya neno. Kama shairi lina kiitikio, wafundishe watu kwanza, kisha kila ubeti ukiisha wote waitikie. Hapo asiyejua kusoma amekuwa msomaji pamoja na wengine. Ukimaliza, mpe kitabu mwanafunzi asome mara ya pili. Akikosea usimkemee mbele ya watu. Mama yake yuko palepale anamsikiliza. Kisha uliza kama yuko mtu anayelijua kwa mahadhi, na akiwapo mwachie.

Nne, mazungumzo. Hapa sisi walimu ndio tunaoharibu mara nyingi, maana tumezoea kuuliza maswali ambayo majibu yake tunayo. Barazani usiwafanyie watu mtihani. Uliza, “Ni neno gani lililokugusa?” au, “Kama ungekuwa wewe, ungejibu nini?” Kama pana fumbo, waache walifumbue wao, hata kama wewe walijua. Watu wawili wakitofautiana, vizuri. Waombe wote wawili warudi katika ubeti na kuonyesha neno linalowapa sababu. Hivyo watajifunza kusoma kwa uangalifu, na hakuna atakayedhani yuko darasani.

Tano, majibizano. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka wa 1923 huko Tanganyika, lilikuwa likitoa mashairi ya wasomaji wake, na watu wa mbali wasiopata kuonana wakajuana kwa tungo. Mtunza maktaba aweza kufanya vivyo kwa ubao mmoja. Abandike shairi la mtu wa kijijini, au swali lililotungwa kwa ubeti mmoja, na watu walete majibu juma lijalo. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto wake. Lakini liwepo sharti moja: matusi na kumtaja mtu kwa jina lake kwa ubaya havibandikwi.

Sita, na hili ndilo nililolijua kwa kuchelewa, ni daftari. Kila maktaba ya kijiji iwe na daftari la yale yaliyomo vifuani mwa watu. Mtu akitoa shairi ambalo halimo katika kitabu, mwombe ruhusa, kisha uliandike siku ileile, kwa matamshi yake mwenyewe, usilisahihishe liwe la shuleni. Andika jina lake, mahali, tarehe, na nani aliyemfundisha. Siku hizi simu ya mkononi yaweza kuchukua na sauti, na hilo ni jema sana, kwa maana mahadhi hayaandikiki kwa kalamu ya kawaida. Hata hivyo usiitegemee simu peke yake, kwani huanguka majini. Nakili mara mbili, na nakala ya pili ikae nyumba nyingine. Kisha msomee mwenyewe ulichoandika. Akikuambia lisipelekwe nje ya kijiji, litii neno lake.

Mwisho wa baraza, toa vitabu uazime palepale, kabla watu hawajatawanyika, huku hamu ingali moto. Andika majina. Kitabu kimoja au viwili huenda visirudi, nami sikushauri kuwa mzembe, vifuatie. Lakini kitabu kilichochakaa kwa kushikwa na watu kimefanya kazi yake, na kilichobaki kipya miaka mitano kimekaa bure.

Labda mmoja wenu atasema, “Mwalimu, sisi hatuna maktaba wala mtunzaji.” Basi je, hamna kitabu kimoja shuleni? Hamna kijana mmoja ajuaye kusoma? Hamna mzee mmoja aliyefundishwa utenzi? Watu watatu hao wakikaa pamoja jioni moja, maktaba imekwisha kuanza. Nawaombeni msichukue muda mrefu kama mimi. Nendeni kwa mzee huyo juma hili, mmwamkie, mkae karibu naye, na daftari liwe mkononi.