Sura ya Tano: Mlima Meru, Msalaba na Kibali cha Kuhamisha Watu

Kila ninapozungumzia Ukristo na ukoloni, iwe Usa River au Ngaramtoni, nakutana na majibu mawili ambayo watu wameshayakariri. La kwanza: mmisionari na askari walikuwa kitu kimoja, na Biblia ilikuja kutufumba macho ili ardhi ichukuliwe. La pili: wamisionari walituletea shule, hospitali na kahawa, na ya serikali hayakuwahusu. Majibu yote mawili yana kosa lile lile. Yanamfanya Mmeru na Mwarusha kuwa mtazamaji wa habari inayomhusu yeye mwenyewe.

Tuanze na Akeri, chini ya Mlima Meru, mahali ambapo makosa haya huzaliwa. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa usiku pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Wote wawili walizaliwa katika nchi za Baltiki, zilizokuwa chini ya dola ya Urusi. Hawakutumwa na jeshi la Ujerumani. Lakini siku hizo hizo Kapteni Johannes wa jeshi la Ujerumani alikuwa na askari wake katika eneo lilelile, na wapiganaji wa Meru na Arusha waliowavamia hawakuwa na sababu ya kuwatenganisha wageni wa hema hili na wageni wa hema lile. Anayesema misheni na dola vilikuwa kitu kimoja anakosea kuhusu nia. Anayesema havikuhusiana anakosea kuhusu jinsi vilivyoonekana kutoka mgombani.

Kisasi kilikuwa kikubwa. Johannes alirudi na jeshi lenye Wachaga wengi, migomba ikakatwa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kwenda Moshi. Machi 1900 Mangi Lobulu wa Meru alinyongwa Old Moshi siku moja na Mangi Meli wa Moshi na viongozi wengine. Wanaume wa Arusha na Meru wakalazimishwa kujenga Boma, lile ambalo leo ni makumbusho katikati ya jiji la Arusha. Kituo cha misheni cha Nkoaranga kikafunguliwa 1902 na cha Ilboru 1904, katika jamii iliyokuwa imeshavunjwa kwa nguvu.

Hapa lazima nizungumze waziwazi kuhusu jambo linalonikera. Wapo wahubiri wanaofundisha kwamba shida za Wameru zinatokana na laana ya damu ya Akeri, na kwamba dawa yake ni maombi ya kufungua mlima. Huu ni ushirikina uliovaa kanzu. Uhaba wa ardhi Meru una tarehe na una hati. Wajerumani waligawa mashamba kuzunguka miteremko ya chini, wakawaweka Makaburu kaskazini ya mlima na walowezi wengine kusini, na Waingereza wakaendeleza mpango huo. Anayeita matokeo hayo laana anamwachilia aliyepima shamba na kumtia hatiani aliyenyang'anywa.

Sasa tufike kwenye nadharia. Carl Schmitt, mwanasheria wa Ujerumani aliyekuja kujiunga na chama cha Nazi, aliandika mwaka 1922 kwamba dhana kuu za dola ya kisasa zimerithiwa kutoka teolojia, na kwamba mtawala halisi ni yule anayeamua lini sheria isifuatwe. Wanateolojia wanaoangalia mambo kutoka upande wa waliotawaliwa wanaongeza swali ambalo Schmitt hakuliuliza: sheria ilipowekwa kando, nani alilala nje?  Mfano mmoja unalijibu vizuri, nao hauhitaji kuvuka bahari. Ni Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa Mlima Meru.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mapatano ya Shirikisho la Mataifa yaliita ulezi wa makoloni ya Ujerumani amana takatifu. Neno takatifu halikuwa pambo. Dola ilijivika wajibu wa kikuhani: ilishika nchi za watu kwa niaba ya ubinadamu. Mwaka 1946 Tanganyika ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Mkataba ukaitaka Uingereza iheshimu haki za wenyeji katika ardhi, na isiruhusu ardhi yao kuhamishiwa mtu asiye mwenyeji bila kibali cha mamlaka husika. Mamlaka husika ilikuwa serikali ile ile. Mlinzi wa amana ndiye aliyeshika ufunguo wa kuivunja.

Ufunguo ulitumika Novemba 1951. Kufuatia mapendekezo ya tume ya Jaji Mark Wilson, serikali ilitaka ukanda mmoja wa makazi ya Wazungu kati ya Meru na Kilimanjaro. Watu wapatao 3,000 waliamriwa watoke Engare Nanyuki ili yapatikane mashamba 13 ya mifugo. Walielekezwa Kingori, ambako walilalamikia joto, malaria na ukosefu wa maji. Polisi walikuja, nyumba zikachomwa moto. Wameru hawakurusha mikuki. Walikataa kuondoka kwa hiari, wakakataa fidia, wengi wakakataa hata kukaa Kingori.

Kupokea fidia kungekuwa kukiri kwamba aliyetoa kibali alikuwa na haki ya kukitoa. Kukataa kulikuwa kusema kwamba juu ya Gavana ipo hukumu nyingine. Wakachanga fedha, na Kirilo Japhet, aliyesoma katika shule za misheni, akapeleka ombi lao New York mwaka 1952 pamoja na Earle Seaton, wakili kutoka Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Japhet alikuwa Mtanganyika wa kwanza kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa. Desemba mwaka huo azimio lililowaunga mkono Wameru halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Ardhi haikurudi wakati huo. Hata hivyo Japhet aliporudi alizunguka nchini akieleza kesi, miaka miwili kabla Nyerere hajasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kwa niaba ya TANU.

Sasa rudini kwenye yale majibu mawili. Ikiwa Biblia ilikuja kufumba macho, wale waliosoma kwayo waliyafumbuaje wakasoma mkataba wa kimataifa kifungu kwa kifungu? Na ikiwa misheni haikuhusiana na siasa, mbona viongozi wengi wa Meru Citizens' Union, chama cha Wameru kilichosimamia madai hayo, walitoka katika shule zake? Waamini hawa walikuwa wamezoea kujisimamia. Wamisionari Wajerumani walipofukuzwa mwaka 1920, walimu Waafrika ndio waliobeba sharika. Mwaka 1934 Lazaros Laiser wa Ilboru akawa miongoni mwa wachungaji wa kwanza wazalendo. Ukristo wa Meru uliokwenda New York ulikuwa umeshakuwa mali ya watu wake.

Wala tusijipongeze mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wameru walidai dayosisi yao, watoke chini ya Dayosisi ya Kaskazini yenye makao Moshi. Mzozo ulizaa vurugu, nyumba zikachomwa, majirani wakaacha kusalimiana. Dayosisi ya Meru ikapatikana, na kundi jingine likatoka likaanzisha kanisa la AMEC. Hakukuwa na Mzungu wa kulaumiwa. Walikuwa Walutheri kwa Walutheri, wakigombania nani aamue, kwa niaba ya nani, na mali iliyonunuliwa kwa sadaka iwe ya nani.

Kwa hiyo swali la Engare Nanyuki halimhusu Gavana wa 1951 peke yake. Linamhusu kila anayeshika mali au madaraka kwa niaba ya wengine na kuyaita matakatifu: askofu, halmashauri ya usharika, mkuu wa wilaya. Amana inayosimamiwa na mtu asiyewajibika kwa wenye mali si amana, hata ikiombewa kila asubuhi. Wameru waliligundua hilo bila kusoma Schmitt, na wakaliandika katika ombi lao. Anayetaka kufundisha teolojia ya siasa Tanzania aanze na ombi hilo.